Mkaguzi Aliyelala kwa Meneja

Tata, baba yangu,

Nafasi yako kwenye kamati ya ukaguzi ya chama chetu cha kahawa nimepewa mimi. Wazee walinung'unika, eti mwanamke, tena baba yake kafa kwa ugonjwa huu wa kukondesha. Wanachama wakanyoosha mikono hivyohivyo.

Unakumbuka tukianua kahawa mvua ikitukimbiza? Ulikuwa ukisema, "Koku, mkaguzi hali kwa mtu anayemkagua."

Basi meneja kaleta mkaguzi wa hesabu kutoka Bukoba, kamlaza nyumbani kwake, kamchinjia mbuzi. Kumbe ni shemeji yake. Wenzangu wawili kwenye kamati wakasema tumkubali, sisi si wasomi. Nikakataa. Nikawaambia kazi yetu inaanzia hapo, kujua mkaguzi ni wa nani.

Jioni meneja akaja. Alizungumza kwa upole, Tata, upole wa kutisha. Akauliza hali ya mama, maana naye amekonda tangu uondoke. "Gari la kumfikisha hospitali ni la chama tu," akasema. "Fikiri, binti yangu."

Mama alisikia yote chumbani. Meneja alipoondoka, akaniita: "Usikubali kwa ajili yangu."

Wiki hiyohiyo homa ikampanda. Gari lilikuwepo ofisini, dereva akainamisha uso, kakatazwa na meneja. Majirani wakambeba kwa machela hadi barabarani, lori la samaki likatuchukua hadi Bukoba. Njiani hakunitambua. Nilikukasirikia, Tata. Nilikukasirikia sana, wewe na msemo wako wa mkaguzi.

Nilimwacha wodini na shangazi, nikarudi kwenye mkutano wa wanachama na kanga ileile ya safari. Nikasema, "Mkaguzi huyu ni shemeji wa meneja na analala kwake. Akituambia mambo ni safi, nani atamwamini?"

Kisha yule rafiki yako mliyekuwa naye vitani akainua mkono: "Aletwe mwingine." Mikono ikafuata, hata ya wenzangu wa kamati.

Amekuja mwingine. Analala misheni, na chai ya meneja ameikataa. Atakachokuta sijui bado. Meneja hanisalimii, na wapo waliofuata mkumbo wake.

Mama amerudi. Anakunywa uji, anauliza habari za migomba. Sijui tutakuwa naye hadi lini.

Pumzika, Tata. Jumamosi nitakuja kupalilia kaburini kwako. Na uchaguzi wa kamati ukifika, nitagombea tena.

Mwanao,
Koku