Siku Tatu Hukuonekana Darasani

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo mvua ikianza. ~~Simu yako nimeificha.~~ Simu yako iko juu ya kabati, ichukue.

Mwalimu alipopiga asubuhi kusema hujaonekana darasani siku tatu, nilikufokea kabla hujafungua kinywa. Ukajifungia chumbani, nami zamu ya wodini ikanibana. Kwa kelele zile nisamehe. Kwa utoro, bado hatujamalizana!

Nikiwa na umri wako nilitoroka wiki nzima. Wenzangu walikicheka kigugumizi changu, nikawa nashinda stendi nikitazama mabasi. Babu yako akanikuta. Nilijua leo nimekwisha, lakini aliketi kando yangu na ovaroli yake ya gereji, akauliza, "Nani amekuudhi huko, mama?" Nililia mpaka nikachoka. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akanishika mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Mkono ule ulinuka grisi, na hadi leo naukumbuka.

Jioni nitakaa kitako nikusikilize, sitakukatiza. Kesho nimebadilishana zamu. Tutakwenda shule wote wawili.

Mama yako