Kitabu Kinachorudia Mambo

Mama Omer, unamjua mwalimu mkubwa wa hesabu hapa mtaani Sparkbrook? Ni mimi. Niliishia darasa la tano, na hilo la tano nililisoma mara mbili.

Leo nimechoka hadi mifupa.

Binti yangu Déborah ametoka kazini, akamuuliza Hugues robo ya kumi na mbili ni ngapi. Wapi! Mjukuu wangu wa miaka minane, akaanza kuhesabu vidole!

Unakijua kile kitabu cha hesabu Déborah alichowachagulia watoto wake wawili, niwafundishie hapa nyumbani? Kinagusa jambo kidogo, kinaliacha, halafu baada ya kurasa kumi kinalirudia. Eti ndivyo watoto wanavyokumbuka. Sisi shuleni kwa masista tulikuwa tunamaliza kugawanya, ndipo tunaanza somo lingine.

Déborah akakaa chini. "Mama, kitabu hiki kimetushinda. Jumatatu nawarudisha shuleni wote wawili."

Jumatatu! Mimi nibaki na nani humu ndani, na kuta?

Nikakitetea kitabu kama wakili. Akaniuliza, "Umewafundisha kila ukurasa?"

"Kila ukurasa, mwanangu. Mbele ya Mungu."

Mbele ya Mungu, Mama Omer! Nilisema hivyo!

Akakifungua. Ukurasa ukakataa kufunguka. Akajaribu mwingine, nao umeshikana na mwenzake. Nikamwambia ni unyevu wa nyumba za Waingereza.

Hugues akadakia kwa Kiingereza chake, anacheka: kurasa zote za mambo yaliyorudiwa, Koko, yaani mimi bibi yake, alizigandisha kwa uji, akasema mwandishi ni mzee, amesahau kwamba alishayasema.