Kijaluba Ambacho Shemeji Hakukisugua

Desderi, mtani wangu,

Kaa chini kwanza, kama huko uliko kuna mahali pa kukaa. Vijaluba vyako vya ugoro vimesuguliwa.

Ndiyo, vile vya fedha. Nilipofika kwako wiki iliyofuata mazishi, nilimkuta mkeo, Mama Polikapi, barazani, ameweka beseni, jivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria. Mbele yake, juu ya kanga, mkusanyo wako wote, nilidhani, ulikuwa unakauka juani. Kile cha mviringo ulichopewa na padri mzee, kile chenye maua kwenye mfuniko, bizimu ya mkanda wa askari wa Kijerumani, kengele ndogo ya altareni, hereni zisizo na wenzao, vyote vinang'aa kama sufuria za dukani. Nilishika nguzo.

"Shemeji," akaniambia, wala hakuinua macho, "watu wanakuja kutoa pole, wanafungua kabati wanakuta vitu vyeusi. Watasema marehemu alioa mwanamke mchafu."

Wewe uliyekuwa ukinipiga mkono nikigusa kijaluba kwa kidole chenye jasho! Wewe uliyenifundisha kwamba ule weusi ndio umri wa fedha, na kuuondoa ni sawa na kumnyoa mzee ndevu akiwa amelala. Basi mzee alilala, na ndevu zikanyolewa. Zangu za kichwani pia, lakini hilo nitalifikia. Najua fundi saa kama wewe hapendi habari inayoruka meno, kwa hiyo nianze na mazishi.

Ulizikwa vizuri. Upepo ulikuwa ule wa Sumbawanga unaoingia kwenye kabuti bila kupiga hodi, na wanakwaya waliimba wamejifunga mablanketi kama wagonjwa. Watani wako kutoka Mpui walifanya kazi yao. Mmoja alivaa kabuti lako, akabana jichoni kile kioo chako cha kukuzia, akawapitia waombolezaji mmoja mmoja. "Fungua mdomo, bibi. Hili jino ni fedha au bati? Nipe, nitakubadilishia na chupa ya chai." Nimewahi kuona watu wakilia msibani na nimewahi kuona watu wakicheka msibani, lakini siku ile hata wenyewe hawakujua wanafanya lipi. Paroko aligeukia mikaratusi, mabega yakimtikisika.

Alikupatia kabisa, Desderi, sauti hadi mwendo. Tangu kila kitu kiwe ruksa na maduka yajae vitu vya Dubai, hukutoka kwenda kijijini bila chupa ya chai yenye maua mekundu kwapani. Miaka ile ya foleni za sabuni hakuna mtu angekupa hata kifungo, kila kitu kilikuwa kinafichwa. Kisha chupa za chai zikaja, na bibi zetu wakaanza kutoa masandukuni vitu vya babu zao. Wakumbuka yule bibi wa Mpui? Alikupa kijaluba cha fedha chenye mfuniko wa pembe, akapokea chupa, akaigonga, akaitikisa, akatazama ndani. Tulipokuwa bado uani kwake tulimsikia akimwambia jirani, "Nimempata mjinga mmoja wa mjini." Ulifurahi njia nzima. Ulisema biashara safi ni ile ambayo kila mmoja anaenda kulala akimwonea huruma mwenzake.

Na kile cha Kirando je, ulichoapa ni cha mfalme kwa sababu ya taji lililochongwa juu yake? Ulinileta nikusomee maandishi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Kifaransa chako. Nikakusomea: vidonge vya koo, kimoja baada ya kila mlo. Hukunisemesha mpaka Jumapili. Kisha ukakiweka kabatini hivyo hivyo, katikati ya vile vya fedha, ukasema hata mfalme hukohoa.

Sasa habari ya nywele.

Mimi nilikuja mazishini nikiwa nimejiandaa kukaa na watani. Si wewe uliyenifanya mtani? Siku ya kwanza tulipoonana pale Wampembe, nimeshuka mtumbwini kutoka ng'ambo ya ziwa na homa na suruali moja, wewe ulikuwa umekuja kutengeneza saa ya kanisa. Ulinitazama ukasema, "Watu wa ng'ambo walikuwa wakiiba samaki wa babu zangu. Wewe ni mtani." Hukuuliza mtu, hukutafuta ushahidi. Tangu hapo sokoni ukaniita Mzaire, mwizi wa samaki, na mimi nikakuita mla ulezi usiyejua kuogelea. Nyumbani kwako, mbele ya watoto, ukaniita mdogo wangu. Nilidhani mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja maisha yote bila mtu kuniuliza mimi ni lipi. Yalikaa, mpaka siku ya mazishi.

Mwanao Polikapi alinishika mkono. "Baba mdogo, wewe si wa huko. Wewe ni wa mkekani." Akaniketisha na ndugu zako, na kabla sijajua niseme nini, wembe ulikuwa umeshapita. Nimeishi uhamishoni muda mrefu kuliko nilivyoishi kwetu. Nimesoma vitabu vingi, vya lugha tatu, na sijasoma mahali popote mtu akielezea baridi ya Sumbawanga juu ya kipara kipya. Nililia, Desderi. Watu walidhani nakulilia wewe, na ilikuwa kweli, lakini nusu ilikuwa ni ile heshima.

Halafu, katikati ya kulia, nikakumbuka kijaluba cha baba.

Unakijua. Kile cha mraba, chenye kona moja iliyobonyea. Ndicho kitu pekee nilichovuka nacho ziwa. Ulikitazama kwa kioo chako pale Wampembe, ukanyamaza, na kwako kunyamaza ilikuwa sifa kubwa. Mimi nilikuwa naenda kulala kwenye banda la watu nisiowajua. Ukasema, "Nipe nikutunzie mpaka utakaporudi kwenu." Kikawa cha kwanza kabatini mwako. Vingine vyote ulivitafuta ili kisikae peke yake. Uliniambia hivyo mwenyewe siku moja, umelewa kidogo.

Sikukiomba kamwe. Sijui kama uliwahi kujiuliza kwa nini. Kukiomba kungekuwa kusema mojawapo ya mambo mawili: kwamba narudi kwetu, au kwamba sirudi tena. Kila nilipofungua mdomo, nilishindwa kuchagua, nikaomba chai.

Basi fikiria hali yangu pale mkekani. Mtani akishika kitu cha marehemu, hakuna wa kumkasirikia. Ni haki yake, na wenyewe wakikitaka watakikomboa. Yule wa Mpui aliondoka na kabuti lako na kuku wawili juu. Lakini ndugu aliyenyolewa hashiki kitu. Ndugu anakaa, anapokea pole, anangoja wazee waamue. Kwa kunifanya wa nyumbani, Polikapi alinifunga mikono.

Utasema, si ungesema tu ni chako? Subiri. Kabla matanga hayajaisha, mtu mmoja wa Izia alikuja kudai bizimu, akidai alikuazima tu. Mwingine akadai kengele. Wa tatu alidai saa ya ukutani ambayo, kwa kumbukumbu zangu, imekuwa kwako tangu Polikapi akinyonya. Polikapi akasimama akatangaza: asiye na shahidi asifungue mdomo. Shahidi wangu ulikuwa wewe, na wewe ulikuwa umeshafunikwa. Ningesimama mimi, mzee wa kuja, na kipara changu cha heshima, niwe mdai wa nne? Niliendelea kupokea pole.

Siku ya kumaliza msiba, Polikapi alimleta mnunuzi. Usimlaumu, nyumba inavuja, na kijana hakuwahi kupenda ugoro wala vyombo vyake. Mnunuzi ni kijana kutoka Mbeya, ana tai na brifkesi, anauzia wageni vitu vya kale. Alinikuta mlangoni akaniambia, "Mambo, mzee?" Nikamjibu kwa Kifaransa, basi akanipisha.

Wakamwekea meza. Akatazama cha padri, akatazama cha maua, akavigeuza, akacheka kwa adabu.

"Mzee Polikapi, hivi ni vipya."

"Vipya vipi? Vilikuwa vya marehemu."

"Marehemu alipigwa. Hivi vya Dubai hivi, vimekuja na meli juzi. Kitu cha kale hakiwezi kung'aa hivi. Mimi hunipati, nipo kwenye hii kazi."

Laiti ungekuwepo! Mkusanyo wa maisha yako, ukaokolewa na waya wa kusugulia sufuria. Nilitaka kumkumbatia Mama Polikapi, lakini alikuwa jikoni anasonga ugali wa watu wote. Kijana alikuwa ameshafunga brifkesi yake Polikapi alipokumbuka. "Kuna kimoja nilikikuta ndani ya kapu la unga. Mama alikisahau." Akakitoa. Cha mraba, kona imebonyea, cheusi kama chungu.

Yule kijana aliketi tena. Alibana kioo jichoni, na, Desderi, akanyamaza.

Nilijua ule unyamavu.

Sikupanga lililofuata. Mimi ni mtu wa kukaa na kitabu. Goti langu la kushoto halijainama vizuri tangu mwaka juzi. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba niliruka meza. Si yote, kona yake. Nikakinyakua kijaluba mkononi mwa mtu, nikakimbilia mlangoni, nikaketi kizingitini, miguu nimeitanua, hakuna wa kutoka wala wa kuingia, nikapiga kelele kwa sauti yako ya sokoni: "Mwizi wa samaki ameshika! Nani anakikomboa?"

Kisha mtu akaanza kucheka kule nyuma.

"Baba mdogo," Polikapi akaniambia kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "wewe umenyolewa. Huwezi kuwa mtani."

"Basi nirudishie nywele zangu!"

Hapo nyumba nzima ilianguka. Shangazi yako alijigaragaza mkekani. Yule wa Izia alilazimika kushikwa. Kijana wa Mbeya peke yake hakucheka; alianza kukusanya vitu vyake, maana hata kwao wanajua kwamba kilichoshikwa na mtani hakiuzwi. Polikapi akabaki katikati, hajui anikomboe kama mtani au anikemee kama ndugu. Nami, nikiwa nimekikumbatia kile kijaluba kifuani, sikuondoka kizingitini. Niliogopa kwamba wakiamua mimi ni ndugu, nitakitoa. Na wakiamua mimi ni mtani, nitatoka nacho nje, na nje ndipo nitakapobaki.

Mama Polikapi alikuja kutoka jikoni na mwiko mkononi, unga mpaka kiwikoni. Akatazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe.

"Polikapi, nani alikuambia ufukue unga wangu?"

"Mama, nilidhani ulikisahau."

"Sikukisahau. Nilikificha. Baba yako alikipokea pale Wampembe mikononi mwa huyu, nami nimesimama hapo, bibi harusi, mguu mmoja majini. Akamwambia, nitakutunzia mpaka utakaporudi kwenu. Nimengoja miaka yote huyu mtu aseme. Hasemi. Anakunywa chai yangu tu." Akaninyoshea mwiko kichwani. "Haya, tazameni. Kanyolewa na nani? Kanyolewa hapa, mkekani, na ndugu wa mume wangu. Sasa kwao ni wapi kwingine? Ameshafika. Mpeni kitu chake tule, ugali unapoa."

Nilisogeza miguu tu watu wapite.

Nilikifungua kijaluba nilipofika kwangu, nikitarajia harufu ya baba. Nilipiga chafya mpaka jirani akaja. Kilikuwa kimejaa ugoro, mbichi, wa juzi. Desderi, miaka yote uliyonishutumu kwamba nakuibia ugoro! Mara useme ni mimi, mara useme ni panya! Ni mkeo. Alikuwa anavuta jikoni, nyuma ya mlango, na ghala lake lilikuwa kijaluba cha baba yangu. Ndiyo maana hakukisugua. Nilipomuuliza, hakuona haya hata kidogo. "Chombo ni chako, shemeji," akasema. "Ugoro ni wangu. Usiumwage."

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa nakipeleka kwenu, anavuta, mimi nakunywa chai, tunakusengenya. Nywele zimeanza kuota. Vile vingine vipo kabatini, vinang'aa hadi aibu, lakini Polikapi amekata shauri kutoviuza, na nimempima kwa macho: majuzi nilimkuta amekishika cha mfalme anayekohoa, anasoma maandishi asiyoyajua. Nitamsomea nikiona ameumia vya kutosha.

Lala, ndugu yangu mla ulezi. Nakuahidi mambo mawili. Waya wa sufuria hautakigusa kile cheusi nikiwa hai. Na siku yangu itakapofika, nimeshamwambia Polikapi wanizike huku huku, njia ya kwako, na yule mtani wa Mpui aje na kabuti lako. Mzungumzaji wa Kifaransa atamshinda kumwigiza, ila ajaribu.

Mdogo wako, mwizi wa samaki.