Makofi Yaliyosubiri Mlangoni

Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kwenye meza ya mama, miezi mitano tangu homa ikuchukue, wakati mapigano yalipofunga barabara ya Bukavu na dawa ikashindwa kutufikia. Mambo kadhaa yamebadilika, nami ningependa kukujulisha kwa utaratibu. Mama amerudi sokoni. Barabara ilifunguliwa, kisha ikafungwa tena. Mimi, mdogo wako, nimepata shahada yangu ya sheria, na watu wa mtaa wetu wa Nyamianda sasa wananiita Maître, kama wakili, hata ninapochota maji. Lakini habari iliyonifanya nishike kalamu ni nyingine: Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye tamasha la muziki wa roki.

Najua ungecheka. Kwa miaka miwili ulinialika, nami nilikujibu kwamba kelele zile zingenichafulia jina kabla sijapata kazi. Ulisema "Haya" tu, ukavaa viatu, ukaenda. Baada ya mazishi, ile "haya" ilianza kunisumbua. Wewe, mwalimu wa shule ya msingi, mwimbaji wa kwaya, ulikuwa ukifuata nini huko kila Jumamosi? Sikuwahi kukuuliza. Ilinibidi niende nikajionee.

Ukumbi ni ule wa mbao, nyuma ya soko. Kwa kuwa ni marufuku kutembea usiku, vijana wale hujitengenezea usiku wao: saa nane mchana hufunika madirisha kwa turubai nyeusi na kuwasha taa mbili nyekundu. Wako wanne, hawana mfadhili, wala hawataji jina la mkubwa yeyote katika nyimbo zao. Magitaa waliyanunua Bujumbura. Ngoma waliziunda wenyewe. Nilivaa suti na kravati, na hilo likawa kosa langu la kwanza. Watu walinipisha kwa woga. Binti mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu iko wa usalama, anakuya kutuandika."

Amisi, mpiga gitaa, alinikazia macho, kisha akasema kwa sauti, "Muache, ni mudogo ya Sifa. Ona masikio!"

Ukumbi mzima ukacheka. Yaya, sikuwa nimejua kwamba tunafanana masikio.

Wimbo wa kwanza ulinishangaza. Gitaa halikubembeleza kama magitaa ya harusini. Lilikwaruza, likanguruma, hadi nikahisi sauti yake kwenye meno. Hakuna aliyecheza kwa kiuno. Wote waliruka mahali walipokuwa, macho mbele, nami nikajikuta nikijiuliza furaha ya namna gani inahitaji kelele kubwa hivyo. Wimbo ulipokwisha, nikapiga makofi kwa adabu.

Nilipiga peke yangu.

"Weye! Funga mikono! Bado!" mtu akanifokea kutoka nyuma.

Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama kimya, jasho likiwatiririka, viganja hewani bila kugusana. Kisha mlango ukagongwa mara moja kutoka nje, na ndipo makofi yakalipuka.

Amisi alinijia nilipokuwa, akaniinamia na kunieleza. Magitaa yakilia, hakuna awezaye kusikia bunduki, iwe ya upande wa milima ya Mulenge au wa Kavimvira. Kwa hiyo mtu mmoja husimama nje. Kila wimbo ukiisha, wote hunyamaza ili yeye asikilize. Kukiwa shwari, hugonga mara moja. Kukiwa na hatari, hugonga mfululizo, nao hutoka kwa mlango wa nyuma na kutawanyika.

"Sifa ndiye alikuwa mulango wetu," akasema. "Hakuingia hata siku moja."

Hata siku moja! Miaka miwili nilidhani unakwenda kujifurahisha, kumbe hukuwahi kuwaona wakipiga.

Wimbo wa tatu ulikwisha, nasi tukangoja. Mlango haukugongwa. Tulingoja tena. Mtu mmoja akaanza kusali chini chini. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikaufungua. Nje hapakuwa na mtu. Kumbe kijana aliyepewa nafasi yako alikuwa amejipenyeza ndani kuangalia gitaa, akajisahau. Nikasimama mahali pako. Na pale pale nikasikia kishindo, mbali, kizito. Kikaja kingine.

Yaya, nimefaulu mitihani mingi. Huo sikuwa na jibu lake. Kama ningegonga mara moja nami nimekosea, ningewafungia watu ndani ya kelele huku risasi zikiwajia. Kama ningegonga mfululizo bure, wangekanyagana kwa sababu yangu. Mkono ulikuwa juu, haushuki.

Ng'ambo ya njia mama mmoja alikuwa akikusanya samaki wake wadogo, ndagala, aliowaanika. Hakuinua hata kichwa. "Unasikia nini, Maître?"

"Sijui, mama," nikasema. Sikumbuki mara ya mwisho nilipotamka maneno hayo mbele ya mtu.

"Ile ni mvula ya Burundi, iko inakuya. Bunduki inakata, ile inaburuta. Gonga, bantu banakungojea." Akabeba beseni lake. "Yaya yako pia alikuwa ananiuliza."

Nikagonga. Makofi yakaja kupitia mbao, yakanitetemesha mgongo mzima, nami sikuyaona yametoka mikononi mwa nani. Sikurudi ndani. Nilisikiliza nyimbo tano zilizobaki kutoka pale, sikio moja kwao, jingine milimani, na mvua ikanilowesha suti. Bado sijui kama uliupenda muziki wenyewe au makofi yale. Amisi hajui. Mama hajui. Swali hilo nitaendelea kulibeba, wala halinielemei.

Nisamehe kwa kukuchelewesha na barua ndefu hivi, Yaya, na upumzike. Wameniomba nishike mlango, nami nimekubali. Nakuahidi hivi: nitagonga pale tu nitakapokuwa na hakika, na nisipokuwa na hakika, nitavuka njia nikaulize.

Mdogo wako,
Bahati