Mwokaji Mikate wa Mji Uliotekwa

Mpenzi mjukuu wangu Nekesa,

Huku Ndalu tu wazima, na mama yako amemaliza kupanda mahindi. Unauliza kama mwokaji katika riwaya niliyokutumia, anayewauzia mikate askari walioteka mji wake, ni msaliti.

Ujanani, kabla hatujahamishwa kutoka Kitale kuja huku, niliwasomea vibarua wenzangu kitabu hicho shambani kwa mzungu.

“Msaliti huyo,” dereva wa trekta akasema, tukacheka.

Mzee Wafula, mpishi wa mzungu, akainuka aondoke. “Na mimi je? Nisipompikia, wanangu wale nini?”

Kisha dereva akamshika mkono. “Keti, mzee. Wewe, soma tena hapo, bana, polepole.”

Nikarudia. Ndipo tulipowasikia watoto wa mwokaji, ambao mwandishi alikuwa amewataja tangu ukurasa wa kwanza.

Babu yako