Kilima Kilichofutwa

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Mama bado anagoma kula?

Kazini tunapima mtambo wa simu utakaofungwa huko kwetu. Tunaufungia kwenye chumba kisichopitisha mawimbi, kisha kompyuta inauigizia mvua, mabati, na kile kilima cha nyuma ya nyumba. Jana, kila tulipoweka kilima, simu ilikatika. Bosi akasema, "Kilima kimoja kisitutie aibu," akakifuta. Mtambo ukafaulu, watu wakapiga makofi. Nilipobisha nikaulizwa kama nimechoka kazi.

Mtambo unakuja, dada. Usiuamini. Mama akizidiwa, usikae unabonyeza namba ya daktari. Mbebe, uanze kukipanda kile kilima kuelekea hospitali.

Mdogo wako,
mbishi yule yule