Nani Aliyapandisha Maji

Kargil,
14 Januari 2004

Mpendwa dada Kaneez,

Asalaam aleikum. U mzima huko Delhi? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo, ila theluji imefika madirishani na mbuzi wamehamia jikoni kama wapangaji.

Uliniuliza kama vita vyetu vya hapa Kargil vya mwaka 1999 vilikuwa kama ulivyoviona kwenye ile filamu, na kama marehemu baba yako alikufa akipiga kelele za ushujaa kama wale. Sikujua, nilikuwa mtoto kama wewe. Lakini unaujua udadisi wangu. Niliazima kanda, nikamkalisha Baba mbele ya televisheni ya jirani yetu, Haji Asgar.

Baba alianza kucheka mapema. Askari walikuwa wanapanda mlima mchana kweupe, wanaimba. "Hawa wanaenda harusini?" akauliza. "Sisi hata kukohoa tulikatazwa!"

"Kaka, nyamaza bwana, tunatazama," Haji akamwambia.

Kisha shujaa akafika kileleni, akanywa maji, yaliyobaki akajimwagia usoni. Baba akasimama. "Hayo maji nani kayapandisha?"

Filamu nzima, dada, sikuona mpagazi hata mmoja.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimbana kwa maswali mpaka akasema. Yeye na baba yako waliwabebea askari maji mgongoni, gizani, kila mmoja na dumu lake la chuma. Madumu yaligonga mawe, na mlio ulisikika mpaka juu kwa adui. Basi baba yako akavua koti lake refu la sufu katika baridi ile, akalichana kwa kisu, akayafunga madumu yote mawili kwa vipande vyake. Wakapanda kimya. Bomu lilimkuta baba yako karibu na kilele. Baba akafika na dumu lake, askari wakanywa.

Dumu lenyewe ndilo ninalotumia kumwagilia miti yetu ya aprikoti. Miaka minne nimekuwa nikimuuliza Baba kwa nini hataki niyatoe yale matambara, naye hanijibu. Nimeona haya sana, Kaneez.

Kwa hiyo hapana, baba yako hakupiga kelele.

Mama na Baba wanakusalimu, Haji pia. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akufungulie njia urudi theluji ikiyeyuka. Mafundo aliyoyafunga baba yako bado yamekaza. Tumeyaacha, uje uyashike mwenyewe.

Nduguyo akupendaye,
Zakir